Kobalti na Amri ya Kuongeza Damu



Jumapili moja ya kiangazi, Misa ilipokwisha, mzee mmoja wa Kikula alitusimamisha mlangoni mwa kanisa. Alifanya kazi miaka mingi penye tanuri, na sasa amepumzika, anakaa na wajukuu zake. Akatuambia: “Ninyi mwandikao mambo ya elimu, nijibuni neno hili. Nilipokuwa kijana, mwuguzi mmoja alitueleza kwamba huko Ulaya wagonjwa hupewa kobalti ili damu yao iongezeke. Nasi hapa Likasi twakaa katikati ya kobalti. Vumbi lake twalikanyaga, twalivuta, twalila pamoja na lengalenga. Je, si kusema kwamba Mungu ametuwekea dawa mlangoni?”

Vijana waliosimama karibu wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa maana mzee alikuwa na nusu ya kweli mkononi, na nusu ya kweli yaweza kumpoteza mtu kuliko uongo mtupu. Ni kweli kwamba kobalti ilitumika kuwa dawa ya damu. Ni kweli pia kwamba huongeza damu. Lakini namna inavyoiongeza ndiyo yenye hatari. Tulimwahidi mzee jibu kamili, na leo tunalitoa hapa ili nyumba zote zilisikie. Wanafunzi, nanyi fuateni vema, kwani njia ya jibu hili hupita katika mambo mnayosomeshwa darasani.

AMRI HUTOKA WAPI?

Damu ni nyekundu kwa sababu ya chembe ndogo sana zinazochukuliwa ndani yake. Kazi yao ni kuipokea oksijeni mapafuni, yaani ile sehemu ya hewa ambayo bila hiyo hatuishi, na kuifikisha kila mahali mwilini. Kila chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha huchakaa na kuvunjwa. Kwa hiyo mwili hauna budi kutengeneza nyingine daima, na karakana yake ni uboho ulio ndani ya mifupa. Katika mtu mzima mwenye afya, uboho hutoa chembe nyekundu zipatazo milioni 2 kila sekunde, mchana na usiku, hata tukiwa usingizini.

Sasa fikirini: ni nani auambiaye uboho kwamba hizo zatosha? Zikipungua, mtu huishiwa nguvu na kuhema kwa kazi ndogo. Zikizidi, damu huwa nzito, moyo hutaabika kuisukuma, nayo yaweza kuganda ndani ya mishipa. Lazima basi awepo mwenye kupima, na mwenye kuamuru.

Wataalamu walilitafuta jibu muda mrefu. Katika mwaka 1890 Mfaransa François Viault alipanda milima ya Peru, mahali ambapo hewa ni nyembamba na oksijeni ni haba. Baada ya kukaa huko akaona kwamba chembe nyekundu za damu yake zimeongezeka sana. Mwaka 1906, ndio mwaka ule ule ilipoundwa Union Minière du Haut-Katanga, Paul Carnot na Clotilde Deflandre walifundisha huko Paris kwamba mwili uliopungukiwa na damu hutoa kitu fulani, nacho husafiri katika damu na kuuhimiza uboho. Ikapita nusu karne. Mwaka 1957, huko Chicago, Leon Jacobson na Eugene Goldwasser pamoja na wenzao walionyesha kwamba kitu hicho hutoka hasa katika figo. Jina lake ni erithropoietini. Mwaka 1977 Goldwasser na Takaji Miyake wa Japani walifaulu kukipata kikiwa safi: walitumia lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wenye upungufu wa damu, wakapata miligramu chache tu.

Na angalieni neno hili. Wakati ule wa mwaka 1957, watu wa Chicago waliwapa panya kobalti, wakaona ujumbe wa figo umeongezeka katika damu ya wanyama hao. Katika miaka ile sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka katika udongo wa Katanga. Jiwe letu basi lina sehemu yake katika habari hii tangu zamani.

JINSI UJUMBE UNAVYOFUNGUA KITABU

Mwili umejengwa kwa chembe hai, ambazo shuleni huitwa seli. Karibu kila seli ina kiini, na ndani ya kiini kimo kitabu kizima cha urithi tulichopewa na baba na mama. Maagizo yaliyoandikwa humo huitwa jeni. Kila jeni huwa na maelezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini. Lakini seli haisomi kitabu chote kwa wakati mmoja, kama vile mpishi asivyopika vyakula vyote vya ulimwengu kwa siku moja. Jeni inayotakiwa hunakiliwa. Nakala hutoka nje ya kiini, na huko protini hutengenezwa kwa kuifuata. Jeni isiyotakiwa hukaa kimya. Basi swali kubwa la elimu hii ni moja: ni nani asemaye, “Nakili hii sasa,” na ni nani asemaye, “Basi, yatosha”?

Tuanze na figo. Ndani ya seli zake hutengenezwa daima protini ya jamii iitwayo HIF, ambayo Gregg Semenza wa Marekani aliitambulisha katika mwaka 1992. Oksijeni ikiwa tele, HIF haidumu. Kuna protini nyingine, iliyo kama fundi, ambayo katikati yake hukaa atomi moja ya chuma. Fundi huyo hutwaa oksijeni na kuitia HIF alama. HIF yenye alama hukamatwa na kuvunjwa katika dakika chache. Lakini oksijeni ikipungua, fundi hana cha kutilia alama. Hapo HIF husalimika, huongezeka, huingia katika kiini, huungana na mwenzake, na kukishika kitabu karibu na jeni ya erithropoietini. Kunakili huanza, na ujumbe hutoka katika figo kwenda katika damu. Semenza, na pamoja naye William Kaelin na Peter Ratcliffe, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kuyafumbua mambo haya.

Tuufuate sasa ujumbe wenyewe hata ufike katika uboho. Hauingii ndani ya seli changa zinazotazamia kuwa chembe nyekundu. Hubisha hodi tu. Juu ya utando wa seli hizo kuna vipokezi viwili viwili. Erithropoietini huvishika vyote viwili pamoja. Mara, upande wa ndani, protini iitwayo JAK2 huamka na kutia alama za fosfati. Protini nyingine, STAT5, ikiisha kupata alama hiyo, huungana mbili mbili, huingia katika kiini, hushika jeni zake, na kunakili huanza. Miongoni mwa protini zinazopatikana zimo zile zinazoizuia seli isife. Hili ni jambo la kustaajabisha: uboho huzaa seli changa nyingi kuliko zinazohitajiwa, nazo nyingi hufa zisipopata ujumbe. Erithropoietini huziokoa zile ambazo mwili unazihitaji.

Kisha damu ikiongezeka, oksijeni hufika ya kutosha katika figo. Fundi wa chuma huanza tena kutia alama, HIF huvunjwa, jeni hunyamaza, na katika uboho alama za fosfati hufutwa. Amri imetolewa kwa haja ya kweli, nayo imekoma haja ilipokwisha.

Erithropoietini ni moja tu katika jamaa kubwa ya vichocheo vya ukuaji. Rita Levi-Montalcini wa Italia na Stanley Cohen wa Marekani walipata tuzo ya Nobel mwaka 1986 kwa kuvumbua viwili vya kwanza: kimoja cha mishipa ya fahamu, kingine cha ngozi. Mtoto akianguka na kuchubuka goti, vichocheo vya namna hii humwagwa penye jeraha. Seli za jirani huvipokea mlangoni, jeni zao hunakiliwa, seli huongezeka, na jeraha hufunga. Jeraha likiisha kufunga, kazi hukoma. Asipokoma mwenye kuamuru, ni ugonjwa. Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba katika ugonjwa mmoja ambao uboho hutoa chembe nyekundu kupita kiasi, JAK2 ya wagonjwa wengi imeharibika, nayo hufanya kazi kana kwamba amri inatolewa kila saa, hata pasipo ujumbe. Na saratani nyingi zina asili ya namna hiyo: mlango umekwama wazi, na seli huongezeka bila sababu.

MJUMBE WA UONGO

Sasa twaweza kurudi kwa mzee wetu. Kobalti inaposhuka ndani ya seli hufanya nini? Humzuia yule fundi wa chuma. Wataalamu hueleza kwamba hukikalia kiti cha chuma, na ikiisha kukaa hapo, kazi haifanyiki. Oksijeni ipo tele, lakini HIF haitiwi alama. Kwa hiyo huingia katika kiini na kuamuru kama siku ya njaa ya hewa. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walionyesha jambo hili katika seli zilizokuzwa maabarani: zilipotiwa kobalti, jeni ya erithropoietini ilianza kunakiliwa, ingawa hewa haikupungua.

Ndiyo maana damu huongezeka. Mwili haukulishwa wala haukuponywa, umedanganywa. Umeambiwa, “Hatuna hewa,” nao, kwa utii, umetenda inavyopasa.

Yule mwuguzi wa zamani hakusema uongo. Tangu mwaka 1929 ilijulikana kwamba kobalti huongeza chembe nyekundu katika panya, na kwa miaka mingi katikati ya karne iliyopita waganga waliwapa kobalti wagonjwa wenye upungufu wa damu. Lakini ilionekana kwamba hailipi bila kudai. Mwaka 1955 waganga wa Marekani waliandika habari za wagonjwa wa selimundu, ule ugonjwa ambao wengi kwetu huuita kwa herufi mbili, SS. Walipopewa kobalti, tezi ya shingo iliwavimba. Wengine, mahali pengine, walipatwa na kichefuchefu, au walidhurika masikio. Na katika miaka ya 1965 na 1966, huko Quebec katika Kanada, kobalti ilitiwa katika pombe ili povu lake lidumu. Watu 48, walevi wa kila siku na wenye lishe hafifu, walipatwa na ugonjwa wa moyo, na 20 kati yao wakafa. Basi waganga wakaiacha dawa ile. Tangu mwaka 1989 erithropoietini yenyewe hutengenezwa na kupewa wagonjwa wa figo, chini ya uangalizi wa mganga. Hata wanariadha wamekatazwa kutumia kobalti katika mashindano.

Tusiinyime haki yake. Atomi moja ya kobalti imo katikati ya vitamini B12, ambayo bila hiyo damu haitengenezwi vema, na Dorothy Hodgkin wa Uingereza alieleza umbo la vitamini hiyo katika miaka ya 1950. Lakini kobalti hiyo imekwisha kufungwa ndani ya vitamini, nayo huja kwetu kwa kipimo kidogo sana, katika nyama, mayai, maziwa na samaki. Ndagala mezani na vumbi la jiwe jeusi si kitu kimoja.

VUMBI LA LIKASI

Mji wetu, ulioitwa Jadotville hata mwaka 1966, umelelewa na shaba na kobalti. Huko Shituru shaba imesafishwa kwa umeme tangu mwaka 1929. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi hii, nayo hutiwa katika betri za simu na za magari. Hatuidharau kazi hii. Imelipa karo za shule, imejenga nyumba, na jasho la wanaoifanya lina heshima mbele ya Mungu.

Lakini kazi yenye heshima haizuii kusema kweli. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, miongoni mwao Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, na wenzao wa Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Kwa wale wanaokaa karibu na migodi na viwanda, kiasi cha kobalti kilikuwa kikubwa kuliko kilichopata kuandikwa kwa raia wa kawaida po pote duniani, na watoto waliwazidi wakubwa. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2014, ulionyesha kwamba chakula kilicholimwa papo hapo na vumbi linaloingia kinywani ni miongoni mwa njia kubwa. Na mwaka 2018, habari kutoka mtaa wa Kasulo, Kolwezi, zilionyesha kwamba watoto waliokaa penye uchimbaji walikuwa na dalili za kuharibika kwa kile kitabu chenyewe cha urithi.

Kobalti katika mkojo si ugonjwa. Ni alama ya kilichoingia mwilini. Lakini mwenye busara hangoji moshi uwe moto. Kwa hiyo twawaomba akina baba na akina mama wayashike mambo haya:

Kwanza, baba atokaye mgodini au kiwandani avue nguo za kazi na kuoga kabla ya kumpakata mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

Pili, watoto wanawe mikono kila wanapotaka kula, kwani mtoto hula vumbi kwa vidole vyake. Mama anyunyize maji kabla ya kufagia, wala asifagie pakavu.

Tatu, magunia ya mawe yasilazwe chumbani wanamolala watu. Watoto wasitumwe kuchambua wala kuosha mawe mtoni. Mahali pao ni shuleni.

Nne, mboga zioshwe kwa maji safi mara kadhaa. Lakini maji huondoa vumbi lililo juu ya jani tu, si kilichokwisha kuingia ndani yake. Kwa hiyo bustani isiwekwe penye maji yanayotiririka kutoka kwenye takataka za mgodi.

Tano, na hili ni kubwa: mtoto akionekana mweupe machoni na viganjani, asinunuliwe unga wala maji ya chupa isiyojulikana kwa sababu tu muuzaji amesema, “Huongeza damu.” Apelekwe zahanati. Huenda ni malaria, huenda ni minyoo, huenda ni SS, huenda ni upungufu wa chuma katika chakula. Kila moja ina dawa yake na njia yake. Kumtia mtoto mwenye malaria dawa ya kuhimiza uboho, na malaria kuiacha ivunje chembe zake, ni kama kumfokea fundi ajenge upesi huku mwingine akibomoa upande wa pili. Na mwenye upungufu wa chuma hakukosa amri, amekosa matofali.

JIBU KWA MZEE WETU

Basi, baba yetu wa Kikula, jibu letu ndilo hili. Mungu hakutuwekea dawa mlangoni. Ametuwekea mali, na mali yataka akili. Dawa yenyewe ameiweka ndani yetu tangu tumboni mwa mama: figo inayopima, ujumbe unaosafiri, mlango unaosikia hodi, na kitabu kinachofunguliwa kwa haja na kufungwa kwa wakati wake. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba kiungo kimoja hakiwezi kumwambia mwenzake kuwa hamhitaji. Hapa twaona viungo viwili, figo na uboho, vikitumikiana usiku na mchana bila sisi kujua, na amani yao yategemea neno moja: ujumbe uwe wa kweli.

Na je, nyumba zetu si vivyo hivyo? Baba aamuruye kwa hofu isiyo na sababu, jirani aletaye habari isiyo kweli, mfanyabiashara auzaye matumaini katika chupa, wote hufanya kazi ya kobalti. Watu huhangaika, nguvu hutumika, na haja yenyewe haikuwapo. Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Lakini hata njia fupi yatosha kumfikisha mtoto kaburini, ikiwa wazazi hawakumuuliza mganga.

Tumemwona mzee tena wiki iliyopita. Alikuwa ameketi uani na beseni la maji, akimnawisha mjukuu wake mikono, kidole kwa kidole, kabla ya bukari kuletwa. Hakutuuliza tena juu ya dawa. Akatuambia tu: “Karibuni, lakini naweni kwanza.”